Alama ya Shavu Kwenye Kitako

Kati ya mwaka 2015 na 2019 nilifanya kazi katika duka la silaha huko Randburg. Nililipwa kwa jambo ambalo wanaume wengi hudhani wamezaliwa wakilijua, yaani kuitazama bunduki ya kuwindia na kusema kama ni nzuri. Nilikuwa nimefundisha ufundi wa mitambo chuoni Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilipomfuata binti yangu Johannesburg, sikukubali kukaa katika chumba cha mtaa wa Bellevue nikingoja kuletewa chai. Mwenye duka alinipa bunduki mbili zilizofanana kwa sura, nikamwonyesha ile iliyokuwa na mtutu mbovu na sababu ya ubovu wake, naye akaniajiri.

Wateja wetu wengi hawakuwa matajiri. Walitaka bunduki ya bei ya chini, au ya bei ya kati kama mwaka ulikuwa umewaendea vizuri, nao walikuja masikio yao yamekwisha kujaa. Mmoja alikuwa ameambiwa na bosi wake kwamba kitako cha mbao hushinda cha plastiki. Mwingine alisikia kwamba bunduki nzito ndiyo imara. Sikubishana nao. Niliichomoa bolti, kile chuma kinachoisukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake, kisha nikauelekeza mtutu dirishani na kumwambia mteja atazame mwenyewe. Bunduki ya bei ya chini haifichi unyonge wake: rangi ya chuma ni hafifu na plastiki yake ina kingo zinazokwaruza kiganja. Hata hivyo mtutu wake mara nyingi ni mzuri, kwa kuwa mashine za siku hizi huchonga sawasawa usiku na mchana. Fedha ya ziada katika bunduki ya bei ya kati hulipia mambo yasiyoonekana. Hulipia namna bolti inavyokaza pande zote mbili kwa usawa, namna kitako kinavyouacha mtutu huru bila kuugusa, na skrubu zinazokazwa ndani ya chuma badala ya kukazwa ndani ya plastiki.

Kosa lililonichosha kuliko yote lilikuwa la kifyatulio. Mteja alikivuta kwa kidole, na kikiwa chepesi uso wake uling'aa: "Sharp, mzee! Hii ndiyo bunduki." Kikiwa kigumu aliirudisha kana kwamba nimempa samaki aliyeoza. Ugumu ule aliuweka mtengenezaji kwa makusudi. Anayeuza bunduki ya bei rahisi hajui itaangukia mikononi mwa nani, kwa hiyo hukifanya kifyatulio kiwe kigumu, kisimtii mtu aliyetetemeka au aliyejikwaa. Nililisema hili kwa yeyote aliyesimama mbele yangu. Wachache walinisikiliza, nao hawakuwa vijana.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba cha marehemu. Nchini humu mwenye leseni akifa, leseni yake hairithiwi na mtu, na bunduki huletwa dukani kuhifadhiwa hadi warithi waamue. Zilipangwa ukutani nyuma ya mlango wa chuma, na kazi yangu ilikuwa kuzikadiria. Sikuwahi kuipenda kazi hiyo. Bunduki iliyotumika huuhifadhi mwili wa mtu. Jasho la kiganja huifanya mbao iwe nyeusi mahali fulani, kidole gumba huacha mng'aro wake, na shavu lililolala pale misimu mingi huila rangi taratibu. Nilizigusa na kuwajua watu ambao sikupata kuwaona. Huyu alikuwa mfupi, huyu alitetemeka, huyu alivaa pete. Siamini mizimu. Hata hivyo nilikuwa nikiingia mle ndani napiga hodi, na hadi leo sina maelezo ya tabia hiyo.

Asubuhi moja ya baridi, mwaka 2017, aliingia mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi tangu kichwani hadi viatuni. Mwenye duka alimwelekeza kwangu kwa kidevu, maana wateja wa Kiswahili walikuwa wangu.

"Papa ni Mtanzania?" aliuliza, akiniita baba kwa lugha ya kwao.

"Wa Tanga."

"Njo maana. Kiswahili yako iko na tai shingoni."

Sikucheka, ingawa nilitamani. Alikuwa Mkongo wa Uvira, na mumewe pia alikuwa wa huko. Mume alikuwa fundi cherehani pale Bellevue, mwenye karatasi zote za ukazi. Alishona mabegi ya turubai ya kubebea bunduki, na wawindaji walionunua mabegi hayo wakamzoea. Kaka yake mkubwa, muuza vipuri vya magari huko Troyeville, alikuwa mwindaji tayari, akamshawishi naye anunue bunduki yake. Wakawa wanakwenda pamoja kuwinda mashambani wakati wa baridi, na nyama ilirudi nyumbani ikakaushwa na kuliwa miezi mingi.

Asubuhi moja, huko shambani, wenzake walikuwa bado wanakunywa kahawa. Yeye alikuwa amesimama peke yake karibu na gari. Ukasikika mlio mmoja, na kaka yake ndiye aliyefika kwanza.

Uchunguzi ulithibitisha kwamba hakuna mkono wa mtu mwingine. Zaidi ya hapo haukuamua kitu, na faili likafungwa. Kaka yake ndiye aliyeamua. Msibani, mbele ya watu, alisema maneno matatu: "Mdogo wangu alichoka." Maneno hayo yalitosha. Kanisa lao halikulipokea jeneza ndani. Mwaka ulikuwa umepita, na kwa desturi yao ulikuwa wakati wa kuinua matanga. Siku hiyo watu hukusanyika, jina la marehemu hutajwa kwa shukrani, na mjane huvua nguo nyeusi. Lakini siku hiyo haiwezi kuitwa ila kwa neno la mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo alikuwa yule kaka, naye alikataa. Alisema hawezi kumkusanyia watu mtu aliyekimbia.

"Nguo nitavaa hata mpaka nife, si kitu," mama aliniambia. "Ni binti yetu. Aliniuliza kama baba yake alituacha kwa kusudi. Aliniuliza kwa Kiingereza, Papa, juu hakutaka mdogo wake asikie. Sasa weye niambie: ile bunduki inaweza kulia yenyewe?"

"Mama, mimi sitoi maneno. Natoa vipimo."

"Basi pima. Lakini pima sawasawa."

Bunduki ilikuwa katika chumba cha nyuma, ndani ya begi la turubai ambalo marehemu alilishona mwenyewe. Ilikuwa ya bei ya chini, yenye kitako cha mbao laini iliyopakwa rangi ili ifanane na mbao ya thamani. Mtutu ulikuwa safi na bolti ilikaza vizuri. Kama ingekuwa mpya ningemshauri mtu yeyote mwenye fedha kidogo ainunue. Nilipokivuta kifyatulio bunduki ikiwa tupu, kidole changu kilishtuka. Kilikuwa chepesi kuliko cha bunduki yoyote ya aina ile niliyowahi kuishika.

Niliifungua. Kiwandani skrubu ya kifyatulio hufunikwa kwa tone la rangi, ili ijulikane ikiwa imeguswa. Tone lile lilikuwa limevunjwa. Mtu alikuwa amelegeza na kulegeza, hadi zile ncha mbili za chuma zinazoshikana kuizuia pini inayoigonga risasi zikabaki zimegusana kwa upana mdogo mno. Niliikoki tupu, nikakigonga kitako kwa nyundo ya mpira, juu, chini na ubavuni. Niliwasha na kuzima kizuizi cha usalama. Nilifunga bolti polepole, kisha kwa nguvu. Kama ncha zingeteleza, ningesikia pini ikigonga ndani. Nilisikiliza karibu wiki nzima, kila nilipopata nafasi, na pini haikugonga hata mara moja.

Mama aliporudi nilimwambia kama ilivyokuwa. Bunduki ilikuwa imechezewa. Ilikuwa hatari. Lakini ilishika, haikufyatuka yenyewe hata mara moja.

Akasema, "Kwa hiyo shemeji alisema kweli."

"Sikusema hivyo."

"Papa hukusema. Lakini njo vile watasikia."

Alikaa kwenye kiti cha wateja akiwatazama watu wakijaribu darubini za kulengea na kutaniana. Nilikwenda kuirudisha bunduki katika begi lake, na begi likanisumbua. Zipu ilianzia upande usiofaa na mkanda ulikuwa umeshonwa kinyume, hata ukilitundika begani linakugeukia. Nikashangaa fundi wa sifa vile ajishonee begi baya namna ile. Ndipo nikaitazama mbao tena. Kwa mtu anayelenga kwa bega la kulia, shavu hulala ubavu wa kushoto wa kitako. Ubavu wa kushoto wa kitako kile ulikuwa na rangi yake yote. Ubavu wa kulia ulikuwa umesuguliwa hadi mbao ikaonekana nyeupe, duara dogo la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nilikuwa nimeishika bunduki ile siku zote hizo kama ninavyoshika mimi, na shavu lake lilikuwa upande mwingine likiningoja.

Nilirudi mbele. "Mama, mumeo alikuwa wa kushoto?"

"Hapana. Alikula na mkono ya kuume, aliandika na kuume. Walipokuwa watoto, mwalimu wao alifunga ule wa kushoto na kamba mpaka ukaacha." Mkono wake ukasimama hewani. "Lakini makasi yake, Papa. Makasi yake pale kazini, hakuna mtu aliyeweza kukata nayo. Tulikuwa tunacheka, tunasema ameyaloga."

Nilimweleza kwa makini. Bunduki za mkono wa kushoto ni chache, na kwa bei ya chini ni adimu sana. Mtu wa kushoto asiye na fedha nyingi hununua ya kulia, kisha hujifunza kuupitisha mkono wa kushoto juu ya bunduki kuifikia bolti ng'ambo ya pili. Haishiki kwa vidole. Huisukuma mbele kwa kiganja na kuibamiza chini. Kubamiza huko ni tofauti kabisa na kila nilichokuwa nimekifanya. Nilijaribu pale pale mbele yake. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzito na wenye adabu nyingi mno. Ulifika umechelewa na kufunga kwa upole. Ncha zikashika.

Sasa nilikuwa na dhana, na dhana kwangu ni uvumi uliosoma shule. Sikutaka kumpa mjane kitu cha namna hiyo aende kujenga nyumba juu yake.

"Kwao, nani mwingine ni wa kushoto?"

Alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kibaya. "Ni moja tu. Shule moja, mwalimu moja, kamba moja. Kaka yake."

Kaka alikuja Jumamosi, amevaa koti la sufu na viatu vilivyopigwa rangi hadi vikaakisi taa. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza. Shemeji yake alikaa mbali naye, mkoba mapajani.

"Bonjour, mwalimu," aliniambia. "Naambiwa uko na muujiza hapa. Watanzania kwa maneno, nabajua! Lakini mimi ninauza gear box, sinunuaki maneno."

"Vizuri. Hata mimi sinunui."

"Bunduki haikuliaki yenyewe. Iko chuma. Chuma haina akili."

"Ndiyo sababu nimekuita uifunge wewe. Nataka uifunge kama unavyofunga porini, mnyama akiwa mbele yako. Sitakuambia zaidi ya hapo."

Nilimwonyesha chemba tupu, pale risasi inapokaa, nikamtaka aingize kidole chake mwenyewe ahakikishe. Mdomo wa mtutu niliuelekeza kwenye sanduku la mchanga tulilolitumia dukani. Aliipokea bunduki ya mdogo wake kwa kulalamika. Kisha ikaingia begani mwake, na malalamiko yakamwishia. Bega lilikuwa la kushoto. Shavu lake lilishuka polepole likalala juu ya lile duara jeupe, na likatoshea. Wale ndugu walikuwa na taya moja. Nilimwona mama akigeuza uso.

Mkono wake wa kushoto ulipita juu, ukasukuma na kubamiza.

Pini haikugonga. Akavuta nyuma, akasukuma, akabamiza tena. Kimya. "Unaona?" alisema bila kuinua shavu, lakini sauti ya kuuza haikuwamo tena. Mara ya tatu alibamiza kwa hasira.

Ndani ya chuma kukasikika mlio mdogo, kama kifungo cha shati kinapoanguka kwenye sakafu ya saruji. Vidole vyake vilikuwa mbali na kifyatulio. Sote watatu tuliviona vilipokuwa, vimekunjuka hewani, juu ya bolti.

Kwenye kaunta mtu alikuwa anaulizia bei ya darubini. Yule kaka aliitazama bunduki kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti asiyoitarajia.

"Tena," alisema, akijiambia mwenyewe. Akabamiza, ikashika. Akabamiza tena, na kifungo kikaanguka.

Aliishusha mezani kwa uangalifu wa kumlaza mtoto aliyesinzia. "Nani aliigusa skrubu?" aliniuliza mimi, lakini aliyejibu ni shemeji yake.

"Yeye mwenyewe. Kwenye meza ya cherehani, na bisibisi ya mashine."

"Juu ya nini? Juu ya nini aiguse?"

"Yaya," alisema, kwa neno lao la kumwita kaka mkubwa, naye alikuwa hajamwita hivyo tangu waingie, "ni ile wiki mulirudi kutoka shamba. Uliivuta mbele ya wale rafiki yako, ukasema trigga yake iko ngumu sawa mlango ya choo. Ukasema ya kwako ya bei inavutika na pumzi. Walicheka wote. Na yeye alicheka. Alipofika nyumbani akatafuta bisibisi."

Nimesikia watu wengi wakilia katika maisha yangu, na huyu hakulia. Alitoa leso, akapangusa kiganja cha mkono wa kushoto, akarudia kukipangusa, na aliendelea kukipangusa baada ya kiganja kuwa kikavu.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "sema basi kwamba ililia yenyewe."

"Nasema inaweza. Sikuwako. Wewe ndiye uliyekuwako."

"Nilikuwa nakunywa kahawa."

"Basi sema hilo. Na useme ulichokisikia leo, na mkono uliokifanya."

Nilikuwa mkali, najua. Mama alinitazama kwa hofu, akidhani nimeharibu kila kitu kwa kukataa kuongeza neno moja. Lakini kaka aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayekubali uzito wa kitu kabla ya kukinyanyua. Alisimama, akavuka ile nafasi iliyokuwa kati yao, akachutama mbele ya kiti chake kwa shida, maana magoti hayakuwa ya ujana.

"Mama ya watoto," alisema, "Jumamosi ijayo tutaita watu. Mimi njo nitasimama. Nitabaeleza ya skrubu, na ya mlango ya choo. Yote. Utavua hii nguo."

"Na binti?"

"Binti nitamwambia kesho. Mimi mwenyewe."

"Kwa Kiingereza," alisema mama. "Kiswahili anasikia, lakini jambo kubwa anapenda kusikia kwa Kiingereza."

"Kiingereza yangu ni ya gear box, shemeji."

"Utajaribu."

Walitoka pamoja. Niliwaona kupitia kioo wakingoja robot, yaani taa ya barabarani, igeuke waweze kuvuka, kaka amembebea mama mkoba wake.

Sikualikwa katika kuinua matanga, wala sikutarajia kualikwa. Baada ya muda mama alipita dukani, amevaa kitenge cha rangi ya machungwa, kutia saini ili bunduki ipelekwe kuharibiwa. Alichukua begi tu. Aliniuliza ningeikadiria kiasi gani kama ingeuzwa. Nilimwambia ukweli: mtutu mzuri, bolti nzuri, na kifyatulio kilikuwa kizuri kilipotoka kiwandani. Kwa mtu mwenye fedha kidogo ilikuwa bunduki nzuri. Alifikiri kidogo, akasema, "Alichagua vizuri, basi," na mimi nikajibu kwamba alichagua vizuri.

Niliendelea na kazi ile hadi macho yaliponikatalia. Tangu siku hiyo sikuikadiria bunduki yoyote ya chumba cha nyuma bila kuifunga kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto. Mkono wangu wa kushoto haukupata kuwa mwepesi. Lakini zipo siku, na hazikuwa chache, ulipita juu ya chuma kwa wepesi nisioujua, ukasukuma na kubamiza kabla sijauamuru. Nilisimama palepale mle ndani, nimeinamisha kichwa, nikisikiliza kama kifungo kitaanguka.